Boti ya maboya mawili ya kujaza upepo kwa mvuvi wa ziwa dogo

Kwa mkazi wa Minnesota anayeishi kwenye nyumba ya kupanga ghorofani, asiye na gereji wala trela, kumiliki chombo cha kuvulia huonekana jambo lisilowezekana, ingawa jimbo hilo lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi. Boti ya mtu mmoja, yenye maboya mawili marefu ya kujaza upepo na fremu ya chuma inayobeba kiti katikati, ndiyo iliyonitatulia tatizo hilo.

Yangu ina urefu wa futi 9 na, kwa maelezo ya mtengenezaji, hubeba takriban kilo 180, mvuvi na vifaa vyake vyote vikiwemo. Ikifunguliwa na kukunjwa, huingia kwenye gari dogo viti vya nyuma vikilazwa. Kila boya lina mfuko wa ndani unaoshika upepo na ganda gumu la nje linaloukinga dhidi ya mawe na ndoano, kwa hiyo mfuko ukitoboka unafungua zipu, unautoa na kuutia kiraka bila kugusa ganda. Anayenunua aanze kwa kukagua zipu, mishono na vali. Mifuko ya pembeni na kishikio cha kikombe, ambavyo matangazo huvisifu mno, vije baadaye.

Upepo wa kujaza nao unataka uangalifu. Maboya yaliyojazwa kikamilifu asubuhi ya baridi, kisha yakaachwa juani ufukweni, huvimba hadi mishono ikawa hatarini kuachia. Yakishushwa kwenye maji baridi, hewa ileile husinyaa, yakalegea na boti ikawa nzito kusukuma. Mimi hujaza kiasi, huishusha majini, kisha humalizia kwa pampu ya mkono baada ya dakika chache.

Utulivu wake majini ni wa kusifiwa kweli. Aliyezoea ngalawa ataielewa mara moja, kwani uzito uko katikati na pande zote mbili zinaegemea maji, hivyo mtu hugeuka kitini na kurusha mshipi bila wasiwasi. Kinachonifurahisha zaidi ni kuvaa mapezi miguuni: kwa mateke madogo boti hurudi nyuma polepole, kimya kabisa, huku mikono yote miwili ikibaki na ufito wa kuvulia. Hivyo ndivyo ninavyopita kando ya mayungiyungi anakojificha besi, samaki wa Marekani aliyepandikizwa pia Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Akinasa aliye mzito, mshipi hukazika na boti nzima hugeuka taratibu kumfuata.

Kasoro zipo. Vishikizo vya makasia vilikuwa vya plastiki, vikalika mapema hadi kasia likawa linacheza kila ninapovuta, na ilinibidi ninunue vya chuma kwa fedha zangu. Kubwa kuliko hilo ni upepo wa ziwani: boti hii haina mkuku, inakaa juu ya maji, na dhoruba ndogo tu huisukuma itakako. Kwa sababu hiyo huanza kwa kwenda upande unakotoka upepo, ili unirudishe nikiwa nimechoka. Katika ziwa kubwa kama Mille Lacs nisingemshauri mtu aende nayo mbali na ufuko.

Kisheria, chombo kisicho na mashine chenye urefu usiozidi futi 10 hakihitaji kusajiliwa Minnesota, lakini ukikifunga mota ya umeme usajili unakuwa wa lazima. Leseni ya uvuvi na jaketi la kujiokolea havina mjadala. Baada ya uvuvi, fungua zipu za maganda, kwa kuwa maji hujificha kati ya ganda na mfuko, na humo vichanga vya kome milia, kome wadogo wavamizi, visivyoonekana kwa macho, vinaweza kusafiri hadi ziwa jingine. Yamwage yote, kisha uyaache maganda wazi yakauke siku 5 kabla ya kuhamia maji mengine.