Tathmini ya Siki za Mchele kwa Jiko la Kigoma

Duka moja la vyakula huku Mwanga, Kigoma, limetenga rafu kwa ajili ya viungo vya Asia ya Mashariki, na katika rafu hiyo zimepangwa chupa kadhaa zinazouzwa zote kwa jina la siki ya mchele, ingawa kilichomo ndani yake hakifanani kwa rangi, kwa ukali wala kwa matumizi. Nilinunua aina nne, nikazijaribu kwa vyakula vya nyumbani kwetu, yaani migebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika), dagaa, kachumbari na wali. Kuhusu duka lenyewe sina mengi ya kusema: bei zimebandikwa, bidhaa hazina vumbi, na mteja huachwa asome lebo bila kuharakishwa. Muuzaji aliniambia kwamba siki zote hizo ni zilezile na kinachotofautiana ni kampuni tu, na kwa kuwa wanunuzi wengi watapewa jibu hilohilo, ni vyema kueleza kwa nini si sahihi.

Siki ya mchele ya kweli hupitia mikono mitatu ya vijidudu. Mchele hupikwa kwa mvuke, ukatiwa kuvu ambayo Wajapani huiita koji, na kuvu hiyo huugeuza wanga kuwa sukari. Hamira huigeuza sukari kuwa pombe. Kisha bakteria huigeuza pombe hiyo kuwa asidi, na hapo ndipo siki inapopatikana. Kazi hii huchukua wiki au miezi, na kwa aina nyingine hupita mwaka. Siki nyeupe ya bei nafuu inayojaa madukani kwetu mara nyingi ni asidi ya asetiki iliyochanganywa na maji, na ndiyo maana humchoma mtu kooni bila kumwachia ladha nyingine yoyote. Chupa ya kwanza kati ya zangu ilikuwa ya namna hiyo hasa: mbele ilichorwa masuke ya mpunga, na nyuma, kwa herufi ndogo, orodha ya viambato ilikuwa maji, asidi ya asetiki na ladha ya mchele. Niliitumia kusafishia birika lililoshika magadi ya maji, na kwa kazi hiyo ilifaa.

Chupa ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayetaka kununua moja tu. Ni siki ya mchele ya Kijapani isiyotiwa kitu kingine, yenye rangi ya majani makavu na asidi ya asilimia 4 na kidogo. Kwa kanuni za Japani, siki haistahili kuitwa ya mchele kama lita moja haikutumia angalau gramu 40 za mchele, kwa hiyo hata iliyo halali kabisa huweza kuwa na nafaka nyingine ndani yake, na aliye makini atazame kama mchele unatajwa peke yake kwenye viambato. Niliinyunyizia kachumbari ya vitunguu vyekundu, nyanya na pilipili mbuzi. Vitunguu viligeuka rangi ya waridi, vikalegea bila kupoteza ukakamavu wake, na uchachu ulikuwa wa taratibu, wenye utamu kwa mbali, kiasi kwamba sikuhitaji ile chembe ya sukari tunayoongeza tunapotumia siki nyeupe. Kwa migebuka wa kuchoma nilibaki na ndimu, kwa sababu harufu ya ganda la ndimu haina mbadala katika chupa yoyote.

Hata hivyo upole wake una mipaka. Anayetengeneza achari ya embe ya kukaa kabatini kwa miezi asiitumie, kwa kuwa uhifadhi wa namna hiyo huhitaji siki yenye asidi isiyopungua asilimia 5, na siki nyingi za mchele hazifiki hapo. Pia nimesikia vijana wakisema kwamba samaki mbichi akilowekwa katika siki huwa ameiva. Nyama yake hubadilika rangi na kukaza, ndiyo, lakini minyoo na vimelea wa samaki wa maji baridi hawafi kwa siki ya mezani, na samaki wa ziwa letu anastahili moto.

Chupa ya tatu ni ile iliyokwisha kutiwa sukari na chumvi kwa ajili ya wali wa sushi, chakula cha Kijapani cha wali wenye siki, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo ghali kuliko thamani yake. Ukiwa na chupa ya pili, chukua vijiko vinne vikubwa vya siki, viwili vya sukari na kijiko kidogo kimoja cha chumvi, uvipashe moto kidogo hadi viyeyuke bila kuchemka, na utakuwa umepata kitu kilekile. Mbaya zaidi, mtu asiyejua akiitia katika mchuzi atashangaa mchuzi umekuwa mtamu na chumvi imezidi. Chupa hizi mbili hufanana sana kwa umbo na rangi, na katika duka nililolitaja zimewekwa bega kwa bega.

Iliyonishughulisha zaidi ni ya nne, siki nyeusi ya Zhenjiang, mji wa jimbo la Jiangsu nchini China. Hii hutengenezwa kwa mchele wa kunata pamoja na pumba za ngano, kisha huachwa ikomae, na huko ndiko inakotoa weusi wake na harufu inayokaribia moshi. Lebo yake ilikuwa ya Kichina tupu, isipokuwa kibandiko kidogo cha mwagizaji kilichofunika nusu ya maandishi, jambo ambalo duka lingeweza kulirekebisha. Niliijaribu kwa dagaa wakavu waliokaangwa kwa mawese, vitunguu na nyanya, nikatia kijiko kimoja wakati sufuria inaepuliwa. Mawese yana uzito wake unaobaki ulimini, na ndimu huukata kwa ghafla mno. Siki hii iliushusha polepole, ikaacha ladha ya dagaa iwe mbele. Mama mkwe wangu, ambaye hupenda dagaa wake bila madoido, aliongeza ugali na hakuuliza kilichotiwa. Lakini isitiwe katika kachumbari, kwani huifanya ionekane chafu, wala katika wali mweupe.

Mnunuzi asiichanganye na siki nyeusi ya Kijapani inayotokana na mchele usiokobolewa, ambayo kule Kagoshima huchachushwa ndani ya mitungi ya udongo iliyopangwa uwanjani juani. Hiyo ni nyepesi zaidi, na Wajapani wengi huinywa ikiwa imechanganywa na maji. Ipo pia siki nyekundu ya Kijapani inayotokana na machicha ya sake, yaani pombe ya mchele ya Kijapani. Ndiyo iliyomtajirisha Matazaemon Nakano, aliyeanzisha mwaka 1804 biashara ambayo leo ni kampuni ya Mizkan. Zote mbili hazipo Kigoma, na kwa bei inayotajwa Dar es Salaam, sioni haraka ya kuziagiza.

Majirani wa Ujiji wameniuliza kama siki hizi ni halali, kwa kuwa zimepita katika hatua ya pombe. Siki yenyewe ni kitoweo alichokisifu Mtume, ila kuhusu pombe iliyogeuzwa kwa makusudi wanazuoni wana maelezo yao, na mwenye shaka amuulize shehe wake. La muhimu dukani ni kutazama mirini, kiungo cha Kijapani kinachokaa jirani na siki na chenye chupa inayofanana nayo: mirini halisi ina pombe ya takriban asilimia 14, na muuzaji hakulijua hilo.

Kwa asiyetaka kugharamia chochote kati ya hivi, siki ya tufaa ndiyo iliyo karibu zaidi na chupa ya pili, na ikikosekana, siki nyeupe vijiko vitatu kwa kijiko kimoja cha maji na chembe ya sukari huokoa kachumbari. Chupa ya nne haina mbadala wa namna hiyo, nayo ndiyo nitakayoirudia ikiisha, mradi kibandiko kile kihamishwe ili tarehe ya mwisho wa matumizi isomeke.