Makumbusho ya Reli ya York wakati wa baridi

Mkaazi wa Lubumbashi atakayefika York, kaskazini mwa Uingereza, katika mwezi wa Desemba au Januari, ningemshauri aitoe sehemu kubwa ya siku yake kwa Makumbusho ya Taifa ya Reli, ambayo yako karibu sana na stesheni na hayatozi kiingilio. Mji wetu ulifikiwa na reli mwaka 1910, mwaka uleule ulioanzishwa, na shaba yetu imesafiri kwa njia hiyo tangu zamani. Kwa hiyo yaliyomo humo yanatuhusu kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Kilichonishika zaidi ni injini ya mvuke iitwayo Ellerman Lines, ambayo imepasuliwa ubavuni ili watu waone ndani. Unaona tanuru la makaa, kisha mabomba mengi membamba yanayopitisha hewa ya moto katikati ya maji ya boila, halafu silinda ambamo mvuke huingia na kuisukuma pistoni inayozungusha magurudumu. Wazee wetu wa reli walitusimulia kazi hiyo kwa maneno, na nilisimama pale muda mrefu nikiyafuatilia maneno yao kwa macho. Humo pia imo Mallard, injini ya buluu iliyofikia kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, mwendo ambao ndio rekodi ya dunia ya injini za mvuke mpaka leo, pamoja na injini kubwa mno iliyoundwa Uingereza mwaka 1935 kwa ajili ya reli za China. Maelezo niliyoyasoma yalikuwa ya Kiingereza, basi anayejua Kifaransa tu aandamane na mtu wa kumfasiria.

Baridi ya York si ile kavu ya Juni na Julai tuliyoizoea hapa; ina unyevu unaopenya nguo, na viatu visivyopitisha maji vina faida kuliko koti la pili. Kwa kuwa mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, ukuta wa kale unaozunguka mji, wenye urefu wa kilomita tatu na zaidi, upandwe asubuhi, nao hufungwa kukiwa na barafu. Kanisa kuu la Minster hutoza watalii, ila ibada ya jioni yenye kwaya haina malipo, na uimbaji wake ni mzuri ajabu.

Kuhusu malazi, ulizeni habari za joto kabla ya kulipa, kwani nyumba ya wageni niliyolala ilizima mitambo yake ya joto usiku kucha. Makumbusho hufungwa kuanzia tarehe 24 hadi 26 Desemba, hivyo anayekwenda kwa Noeli apange siku nyingine.