TAHADHARI: Ditekta za GPX za "milioni tatu na nusu" zinazotangazwa Busia na Mubende

Ndugu zangu wachimbaji, kuna jamaa anazungusha tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp ya Busia, Namayingo na Mubende. Anauza GPX 5000 na GPX 6000, ditekta za kutafutia dhahabu za kampuni ya Minelab. Anadai ni za mzungu aliyefunga kambi akarudi kwao, ndiyo maana zinatoka kwa shilingi milioni tatu na nusu za Uganda. Anataka nusu itangulie kwa simu, kisha mashine ipakiwe kwenye basi. Msitume hela.

Anza na bei. GPX 6000 mpya huzunguka dola 6,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni ishirini, kabla hujagusa usafiri na ushuru. Anayeitoa kwa milioni tatu na nusu ama ameiiba, ama si yenyewe.

Hii si yenyewe. Mwenzetu mmoja wa Tiira, kule Busia, alitafuta ya kubadilisha baada ya mashine ya kikundi kufa wakati wa mvua, akanunua kwa huyo jamaa. Boksi safi, stika inayong'aa, kitabu cha maelezo ndani. Ukiiwasha inawaka, ukiipitisha juu ya panga inalia. Hapo ndipo watu wanaponasa, kwa sababu bandia za siku hizi hazikai kimya. Ilipofika kwenye udongo wetu mwekundu ikawa inalia kila hatua, na kipande cha madini ya risasi kilichofukiwa vidole vinne tu chini ikakipita. Simu ya muuzaji tangu hapo haipatikani. Jina limebadilika, picha za tangazo ni zile zile.

Udongo huo una chuma kingi, na ndio unaotenganisha mashine ya kweli na ya uongo. GPX halisi hutuma mapigo ya sumaku ardhini, kisha husikiliza mwangwi baada ya mapigo kukatika, hivyo kelele nyingi za udongo hazifiki sikioni. Kuiga boksi ni rahisi, kuiga kazi hiyo si rahisi. Tatizo lenyewe ni la siku nyingi: Codan, kampuni mama ya Minelab kule Australia, iliwahi kusema wazi kwamba GPX 5000 bandia zilikula soko lake Afrika.

Jamaa huyo huyo ana pia "rada" ya antena mbili, eti inaonyesha dhahabu iliyo mita thelathini chini na kuruka mawe na vyuma vyote. Hiyo hata msiipigie simu kuuliza. Dhahabu haitoi mawimbi yoyote ya kunaswa kutoka mbali, na kipande kidogo hata mashine ghali hukisikia kwa sentimita, si kwa mita. Mwaka 2013 Mwingereza James McCormick alifungwa miaka kumi kwa kuuza vifaa vya antena vya namna hiyo, ADE 651, vilivyodaiwa kunusa mabomu. Ndani havikuwa na kitu kinachofanya kazi. Kama majeshi yalidanganywa, sisi wa karai tujihadhari zaidi.

Sasa, wenye hela kidogo wafanye nini? Kabla ya kununua chochote, azima koili (ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya udongo) na betri za mwenzako mwenye mashine kama yako. Ditekta nyingi zinazosemwa zimekufa huwa waya wa koili umekatika karibu na plagi, au maji yameingia hapo. Koili mpya ni ghali, lakini haifiki bei ya mashine.

Ikiwa imekufa kweli na mfukoni una kama milioni nne, ningechukua Gold Monster 1000 halali, ditekta ndogo ya Minelab hao hao, kuliko GPX ya ajabu ajabu. Huzunguka dola 1,000, inasikia vipande vidogo vilivyo juu juu, na inajirekebisha yenyewe kwa udongo. Kina chake ni kifupi, na penye chuma kingi itakusumbua, hilo lijulikane mapema. Anayetembea mabonde ya mito kule Karamoja itamfaa. Anayeponda mwamba Tiira, ambako dhahabu ni vumbi ndani ya jiwe, hata GPX ya kweli haitamsaidia sana. Hela hiyo aiweke kwenye pampu.

Ukikutana na muuzaji yeyote, nenda na kipande chako cha risasi, kama kile cha nyavu za wavuvi, cha gramu moja au mbili. Kifukie vidole vinne kwenye udongo wa eneo lako, si kwenye sakafu ya duka wala kwenye mchanga wake. Mwambie aseme kilipo bila kumwonyesha. Akikataa, au akisema mashine "haijazoea" udongo huo, chukua boda urudi nyumbani. Namba ya mashine ilinganishe na ya boksi, kisha angalia kwenye tovuti ya Minelab kama muuzaji yumo kwenye orodha yao. Hela zitoke mkono kwa mkono, mbele ya mtu wa tatu, na upewe risiti yenye namba hiyo.

Mliokwisha kutuma, msifute ujumbe wa malipo wala mazungumzo. Peleka vyote kituo cha polisi mkiwa pamoja, maana malalamiko ya mtu mmoja mmoja yanalala mezani. Ukiliona tangazo lenyewe, lipige picha likiwa na namba yake kabla hajalifuta.