Maua ya kukata: lakispa (larkspur) au zinia kwa bustani ya Tanga?

Lakispa anavutia: shina refu, wakati mwingine mita 1, limejaa maua ya buluu, zambarau na waridi. Tatizo ni baridi. Mbegu zake huota vizuri kwenye nyuzi 10 hadi 13, tena gizani, na usiku wa kipupwe hapa mjini bado unazungukia nyuzi 20. Mimi niliziweka kwenye friji wiki mbili, nikazipanda Juni moja kwa moja kwenye tuta, maana mzizi wake hautaki kuhamishwa. Ikaota miche saba. Joto la Oktoba likaikuta bado mifupi, ikachanua kidogo, ikakauka. Aliyeko Lushoto, kule juu milimani, ana bahati yake.

Zinia hana maringo. Anaota ndani ya wiki, anachanua kabla ya miezi 3, na kila ukikata anatoa matawi mapya. Adui yake ni ubwiri unga, ukungu mweupe wa majani, kwa hiyo mwagilia chini, si majanini. Kabla ya kukata, shika shina chini kidogo ya ua ulitikise: likilegea, ua bado halijakomaa, subiri. Kwa jua la Tanga, mimi nampa yeye tuta zima.

Kwenye chombo cha maua lakispa anamshinda zinia kwa urembo, na ukimning'iniza kichwa chini anakauka vizuri. Ila usimweke karibu na ndizi mbivu, gesi ya ndizi hizo hupukutisha maua. Mbegu za lakispa pia ni sumu. Kwetu kuna watoto, zilizobaki nimezifungia kabatini.