TAHADHARI Mwanza: ukiambiwa "diski imekufa", usiondoke dukani bila diski yako

Ndugu zangu wa Nyamagana, Ilemela na nyote mnaoleta kompyuta mjini kutengenezwa, kuna mchezo mchafu unaendelea kwa baadhi ya mafundi katikati ya jiji. Unapeleka mashine iliyogoma kuwaka, unaambiwa hadidiski, yaani kile kifaa cha ndani kinachotunza faili zako zote, imekufa, unauziwa "mpya" iliyofungwa kwenye mfuko, na ya kwako inabaki kwa fundi. Uliyouziwa imeshachoka. Uliyoiacha ni nzima, inasubiri kuuzwa kwa mwenzako. Jina la duka tunalikabidhi kunakohusika. Hapa naeleza mbinu, kwa sababu mbinu hii haiko kwenye duka moja.

Imempata shangazi yangu, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Madeni ya wateja na hesabu za magunia yanayosafirishwa mikoani, vyote viko kwenye kompyuta ya mezani nyumbani. Umeme ulikatika, uliporudi mashine ikaanza kuleta skrini ya bluu, inajizima na kujiwasha, mwisho ikawa inaandika tu kwamba haioni diski ya kuwashia. Binamu yangu akaipeleka kwa fundi. Fundi akafungua kava, hakupima chochote, akasema papo hapo: "Hii diski imekwisha." Ikalipwa laki moja na ushee, risiti ikaandikwa kwa mkono, ya mashine ya kodi (EFD) hakuna. Windows ikawekwa upya. Kuhusu diski ya zamani akamwambia, "Hii niachie nikutupie, haina kazi tena."

Haikuchukua muda mashine ikarudia yale yale, na safari hii shangazi akaniita mimi. Hiyo diski "mpya" nilipoichomoa, matundu ya skrubu yalikuwa yameshachubuka, na vile vipande vya rangi ya dhahabu vinavyoingia kwenye kebo vilikuwa na mikwaruzo ya kuchomekwa na kuchomolewa. Lebo ndiyo iling'aa peke yake, tena imebandikwa upande. Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu na kufungua CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski, inayofanya kazi hata ikiwa kwenye flashi. Alama ikaja ya njano, yaani tahadhari. Saa za kufanya kazi zilipita elfu ishirini, na mwaka mzima una saa 8,760 tu. Kilichonikera zaidi ni hiki: namba ya utambulisho iliyosomwa na programu haikufanana kabisa na iliyochapwa kwenye lebo. Mtu alikaa chini akachapa lebo ya uongo akaibandika. Hapo huwezi kusema fundi alikosea.

Tulirudi dukani na baba mdogo, na baada ya mvutano mrefu diski ya shangazi ikatolewa kwenye boksi lenye diski nyingine nyingi, kila moja kwenye mfuko wake. Faili zote zilikuwemo. Nilipoipima kwa programu ile ile, alama ilikuwa ya bluu, yaani nzima. Mstari wa 05, unaoonyesha sehemu za diski zilizoharibika zikahamishiwa kwenye akiba, ulisoma sifuri. Mstari wa C5, wa sehemu zinazoshindwa kusomeka, nao sifuri. Uliopanda ni C7, na huo unahesabu makosa ya data ikiwa njiani kati ya diski na ubao mkuu. Kwa kawaida C7 ikipanda peke yake, mshukiwa wa kwanza ni kebo. Nikabadilisha kebo ya SATA, ile inayounganisha diski na ubao mkuu, kitu cha bei ya chakula cha mchana, kompyuta ikawaka. Kebo mbovu ilikuwa imeachwa humo humo tangu mwanzo, na ndiyo maana hata hiyo "mpya" haikutulia.

Kwa hiyo ukiambiwa diski imekufa, omba ipimwe mbele yako na uione hiyo mistari mitatu. Omba pia ijaribiwe kwa kebo nyingine na kwenye kompyuta nyingine. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa hilo, na Mwanza tunao wengi waaminifu. Ila diski ikianza kugonga kwa ndani, tak, tak, tak, izime hapo hapo na usiendelee kuiwasha kwa majaribio. Huo mlio mara nyingi ni vichwa vya kusomea vinavyokufa, na kila unapowasha unaweza kupoteza faili ambazo zingeokolewa.

Ukinunua nyingine, linganisha namba ya kwenye lebo na inayosomwa na programu kabla hujatoa hela. Usiridhike na saa za kufanya kazi kusoma sifuri, kwa sababu zinafutika. Mwanzoni mwa 2025 iliripotiwa Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwishatumika kwenye seva, yaani kompyuta zinazowaka mchana na usiku, zilikuwa zikiuzwa kama mpya, rekodi ya kawaida ya saa ikiwa imerudishwa sifuri. Ziliumbuliwa na rekodi nyingine ya ndani inayoitwa FARM, ambayo kwa diski za kampuni hiyo inasomwa kwa programu ya smartctl. Kama Ujerumani watu waliuziwa mbuzi kwenye gunia, na sisi tuangalie matundu ya skrubu. Diski za nje za "terabaiti 16" zinazouzwa kwa bei ya flashi ziacheni kabisa. Nyingi ndani yake kuna kadi ndogo ya kumbukumbu (memori kadi) kama ya simu, iliyodanganywa isome ukubwa isiokuwa nao, na faili zinapotea ikijaa. Programu ya H2testw inaziumbua kwa kuzijaza na kusoma tena kilichoandikwa.

Jambo linaloniumiza kuliko hela ni hilo boksi la diski. Mle mna picha za watoto wa watu, nakala za vitambulisho vya NIDA, mikataba ya viwanja. Kufomati haraka haraka hakufuti vitu hivyo, mtu mwenye programu ya kurejesha faili anavitoa. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Bidhaa bandia ni suala la Tume ya Ushindani, FCC. Ukilalamika, nenda na risiti ya EFD, picha ya lebo na picha ya skrini yenye namba isiyofanana.

Kama uliacha diski yako kwa fundi yeyote karibuni, nenda kaidai hata kama kweli ni mbovu. Na ukiwa bado hujapeleka mashine, piga picha lebo ya diski yako leo, namba yote ionekane, uitunze kwenye simu.