Miezi mitatu na kifurushi cha kulipia cha maandalizi ya OAT: uzoefu wangu

Nilinunua kifurushi cha mtandaoni cha kujiandaa na OAT, mtihani unaotumiwa katika udahili na shule za optometria (fani ya kupima na kutunza macho) nchini Marekani, na nikakitumia kwa miezi mitatu hadi siku ya mtihani wenyewe. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa nina malalamiko juu yake ambayo hayajapatiwa ufumbuzi, na pia kwa kuwa vifurushi vya aina hii vinafanana sana: video, kadi za kukariri, benki ya maswali na mitihani kamili ya majaribio yenye saa. Kwa maoni yangu, kilichonifaa ni saa ile. Maelezo ya majibu, ambayo ndiyo niliyodhani nimeyalipia, yaliniangusha zaidi ya mara moja.

Kwa asiyeufahamu, mtihani huu hufanywa kwa kompyuta, kwa Kiingereza, na una sehemu nne. Ya kwanza ni sayansi asilia, yenye maswali 100 ya kujibiwa kwa dakika 90: 40 ya biolojia, 30 ya kemia ya jumla na 30 ya kemia ya kaboni. Hufuata ufahamu wa kusoma, maswali 50 kwa dakika 60, kisha fizikia, maswali 40 kwa dakika 50, na mwisho hisabati, maswali 40 kwa dakika 45. Mtihani ni wa umoja wa shule za optometria, lakini anayeuendesha ni Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, na ndiyo maana mtu anayetaka kutibu macho hulazimika kwanza kuomba namba iitwayo DENTPIN. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani nimepotea njia, nikafunga ukurasa na kuanza upya.

Maswali 100 kwa dakika 90 maana yake ni sekunde 54 kwa kila swali. Nilikuwa naijua hesabu hiyo tangu siku ya kwanza, lakini kuijua na kuionja ni mambo mawili tofauti. Katika jaribio langu la kwanza kamili saa ilinikata nikiwa kwenye swali la 78, na maswali 22 niliyoyaacha yote yalikuwa ya kemia ya kaboni, somo ambalo nilijihesabu kuwa imara kuliko mengine. Biolojia ilikuwa imenila dakika zaidi ya arobaini, kwa sababu kila nilipokutana na jina la kiumbe nisilolikumbuka nilikaa nikijaribu kulivuta kutoka kichwani, kana kwamba kukodoa macho kungelirudisha. Ripoti ya kifurushi ilinionyesha sekunde nilizotumia kwa kila swali, na hapo ndipo nilipoona kwamba maswali niliyokalia zaidi ya dakika mbili nilikuwa nimeyakosa karibu yote. Sikujua kitu kama hicho kuhusu nafsi yangu, na nisingekijua kwa kusoma kitabu.

Kuanzia hapo nilijiwekea kanuni kwamba biolojia iishe ndani ya dakika 25. Swali la kukumbuka ama unalikumbuka ama hulikumbuki. La kemia linaweza kukokotolewa, kwa hiyo dakika ni afadhali ziende huko. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama katika OAT, hivyo hakuna sababu ya kuacha swali wazi, na ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kuliwekea swali alama na kulirudia baadaye. Nilijizoeza kuchagua jibu lolote, kuweka alama na kuendelea mbele. Ilinichukua majaribio matatu kabla mkono haujakubali.

Sasa nieleze malalamiko. Katika mada ya mwanga kulikuwa na swali la lenzi mbinuko yenye umbali wa fokasi (kutoka lenzi hadi mahali inapokutanisha miale sambamba) wa sentimita 20, na kitu kimewekwa sentimita 30 mbele yake. Hesabu yake si ngumu: moja chini ya 20 ukitoa moja chini ya 30 unapata moja chini ya 60, kwa hiyo taswira huangukia sentimita 60 upande wa pili, huwa kubwa mara mbili ya kitu, na huwa imepinduka. Kifurushi kilikubali sentimita 60 na kilikubali ukubwa mara mbili, kisha kikasema taswira imesimama wima. Maelezo yalikuwa sentensi moja tu: kwamba lenzi mbinuko hutoa taswira wima iliyokuzwa. Hilo ni kweli kwa kitu kilichowekwa karibu zaidi ya fokasi, kama mtu anaposoma kwa kioo cha kukuzia, lakini si kwa kitu kilicho mbali kuliko fokasi.

Nilipoteza jioni nzima kwa swali hilo. Nilichora miale mara nne, na kila mara taswira ilipinduka. Bado nilijishuku mimi kabla ya kuishuku kampuni, kwa sababu wao ndio niliowalipa wanifundishe. Mtu anayetaka kusomea macho anaweza kusamehewa akikosea majina ya minyoo, lakini lenzi ndiyo kazi yake ya kesho, na kumfundisha kinyume katika jambo hilo ni kosa lisilo dogo. Niliwaandikia nikiambatanisha mchoro wangu. Nilijibiwa siku iliyofuata kwa ujumbe wa shukrani uliosema timu ya maudhui ingelipitia.

Baada ya hapo sikuyaamini tena maelezo yao peke yake. Nilifungua daftari la makosa, nikawa naandika kila swali nililokosa pamoja na sababu kwa maneno yangu mwenyewe, na pale nisipoweza kuandika sababu nilirudi kwenye vitabu vya kiada vya mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole na ya kuchosha. Hata hivyo, fizikia yangu ilipanda kutokana na daftari hilo, hasa katika mizunguko ya umeme na katika mwendo wa mzunguko, ambako kifurushi kilikuwa na tabia ya kutoa kanuni bila kusema inatumika lini.

Kadi za biolojia zilikuwa nzuri. Zilirudi zenyewe kwa mpangilio, ile uliyoikosa ikirudi mapema na ile uliyoipata ikikaa siku kadhaa, na kwa somo lenye upana unaoanzia seli hadi ikolojia nadhani hakuna njia iliyo bora zaidi. Kasoro yake niliigundua baadaye: walioandika kadi ndio walioandika na maswali ya majaribio, mara nyingine kwa maneno yaleyale, kwa hiyo alama zangu za majaribio katika biolojia zilipimia kumbukumbu ya kadi badala ya uelewa wa somo.

Kuhusu ufahamu wa kusoma, video zao zilishauri kutosoma kifungu kabisa, bali kuanza na maswali na kuwinda maneno yake ndani ya kifungu. Kwangu mimi, ambaye Kiingereza si lugha ya kwanza, mbinu hiyo ilifanya kazi kwenye maswali ya tarehe na majina, ikavunjika kwenye maswali yanayouliza mwandishi anaelekea wapi. Vifungu ni vitatu, vya kisayansi na virefu. Nilichofanya ni kusoma kila kifungu mara moja kwa haraka, nikiandika neno moja kwa kila aya, halafu ndipo nikaingia kwenye maswali. Alama zangu ziliacha kuyumba.

Jambo moja dogo ambalo kifurushi hakikulitaja hata mara moja ni vifaa vya kuandikia. Nyumbani nilikuwa nakokotoa kwa penseli kwenye karatasi, kwa mwandiko mdogo. Kwenye chumba cha mtihani hupewi karatasi. Unapewa vibao laini vya plastiki na kalamu za wino wa kufutika, na mstari wa kalamu ile ni mnene kuliko wa penseli. Nilikuwa nimesikia habari hiyo wiki mbili kabla kutoka kwa mwenzangu aliyetangulia, nikanunua kibao na kalamu za aina hiyo, na jaribio la kwanza nililofanya nazo lilikuwa aibu tupu: nilijaza kibao kabla ya nusu ya fizikia, na kiganja kikafuta nusu ya nilichoandika. Hali kadhalika kikokotoo cha sehemu ya hisabati ni kile cha kwenye skrini, cha matendo ya kawaida tu, kinachobonyezwa kwa kipanya. Mwenye mazoea ya kikokotoo cha mkononi na afanye mazoezi mapema.

Siku ya mtihani niliwasili na vitambulisho viwili, jina likiwa limeandikwa sawasawa na lile la usajili, nikaweka vitu vyangu kabatini, nikakaguliwa mifuko na mikono ya shati. Sehemu ya kwanza niliimaliza nikiwa na dakika nne mkononi na maswali tisa yenye alama ya kurudiwa. Hisabati ndiyo iliyonitoa jasho, kwani nililing'ang'ania swali moja la uwezekano huku nikijua kabisa kwamba navunja kanuni yangu, na matokeo yake maswali matatu ya mwisho niliyajibu bila kuyasoma.

Alama zisizo rasmi zilitokea kwenye skrini mara tu nilipomaliza. Kipimo kilikuwa cha 200 hadi 400, na 300 ndiyo katikati. Majaribio ya kifurushi yalikuwa yamenitabiria 360 katika biolojia na 300 katika fizikia. Nilipata 320 katika biolojia na 330 katika fizikia. Hizo tofauti mbili, moja ya kushuka na moja ya kupanda, zinanieleza zaidi kuhusu bidhaa hii kuliko tangazo lake lolote.

Ningekuwa nanunua tena, ningechukua usajili wa mwezi mmoja tu, na ningeuanza baada ya kumaliza kupitia masomo kwa vitabu, ili majaribio yanikute na kitu cha kupimwa. Kwa mtu ambaye bado hajafunga masomo ya kemia na fizikia ya chuo, sikishauri kabisa. Na yule anayelenga shule zinazopokea GRE (mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza) au mtihani mwingine badala ya OAT, kwani zipo, apime kwanza kama anauhitaji mtihani huu kabla ya kulipia maandalizi yake. Siku usajili wangu ulipokuwa unakwisha, majuma saba baada ya barua yangu, nilifungua tena swali lile la lenzi. Taswira ilikuwa bado imesimama wima.