Maziwa ya unga ya mtoto wa farasi: unga nausifu, chupa yake niiweke kando

Nianze na hukumu, maana anayesoma haya huenda ana mtoto wa farasi bandani sasa hivi na hana muda wa hadithi. Maziwa haya ya unga yanafaa. Yanachanganyika vizuri, tumbo la mtoto linayakubali, na mtoto anaongezeka uzito. Nikifikwa tena na msiba kama ule nitayanunua bila kusita. Ila chupa inayokuja ndani ya boksi, pamoja na ile picha ya mbele inayoonyesha mtoto wa farasi akinyonya huku kichwa kimeelekezwa juu, hivyo siwezi kuvipendekeza kwa mtu yeyote. Na jedwali la milo lililoko nyuma ya mfuko linahitaji kuandikwa upya.

Kwetu aliyekufa ni jike mtu mzima, aliyekwisha kuzaa mara nyingi. Alijifungua salama, mtoto akasimama ndani ya saa moja kama inavyotakiwa, kondo la nyuma likatoka. Baadaye jike akaanza kutokwa jasho, fizi zikapauka, akawa anageuza shingo kutazama ubavu wake. Daktari wa mifugo alisema mshipa mkubwa wa damu wa mji wa mimba umepasuka na damu inavujia ndani. Ni jambo linalowapata zaidi majike wenye umri. Hakupona. Akabaki mtoto, jike naye, mwenye kipaku cheupe kwenye paji la uso. Tukamwita Kidoti.

Kuna jambo ambalo mfuko unalitaja kwa herufi ndogo mno, nami naona lingestahili herufi kubwa kuliko jina la bidhaa: unga huu hauchukui nafasi ya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito. Mtoto wa farasi huzaliwa karibu hana kingamwili, kwa sababu kondo la farasi halizipitishi kutoka kwa mama. Anazipata kwa kunyonya tu, na utumbo wake huzipokea vizuri zaidi katika saa 6 hadi 8 za mwanzo. Zikifika saa 24, mlango umefungwa. Kidoti alikuwa amenyonya kidogo sana, kwa hiyo tulitafuta dang'a iliyogandishwa ya jike mwingine mwenye afya. Iliyeyushwa polepole ndani ya maji ya uvuguvugu. Mikrowevu usiiguse kwa kazi hii, joto lake huziharibu hizo kingamwili unazozitafuta. Akapewa zaidi ya lita nzima, kidogo kidogo, ndani ya saa zile za mwanzo.

Kisha daktari akapima damu. Kipimo cha kingamwili aina ya IgG kikiwa miligramu 800 kwa desilita au zaidi, mtoto amepata za kutosha. Kikiwa chini ya 400, dang'a imeshindwa kazi na mara nyingi daktari atamwekea plasma, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, kwenye mshipa. Kidoti alivuka. Hapo ndipo unga ulipoanza kuwa na maana kwetu, na naomba mtu asiufungue mfuko huu akadhani ameshaimaliza sehemu ngumu.

Sasa unga wenyewe. Wengi hudhani mnyama mkubwa ana maziwa mazito. Maziwa ya farasi ni mepesi na matamu: mafuta ni kama asilimia 1.5 hadi 2 tu, sukari inazidi asilimia 6. Ya ng'ombe yana mafuta karibu mara mbili na sukari isiyofika asilimia 5. Ndiyo maana anayemkimbizia mtoto wa farasi maziwa ya ng'ombe yasiyorekebishwa humletea taabu ya tumbo. Kwenye mfuko huu wameandika protini asilimia 22, mafuta 15, nyuzinyuzi chini ya nusu asilimia, na protini yote inatokana na maziwa, si soya. Hiyo ndiyo namna ya kuisoma lebo. Kama nyuzinyuzi ni nyingi, ujue wametia mimea ambayo mtoto wa siku chache hawezi kuimeng'enya.

Na kama dukani wanakuambia chukua ya ndama, ni yale yale, usikubali mpaka umesoma kila kilichomo. Baadhi ya vyakula vya ndama hutiwa dawa za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo, na monensin, ambayo ni mojawapo, ni sumu kali kwa farasi. Hilo silisemi kumtisha mtu. Ni jambo linaloua.

Katika kuchanganya, unga huu ni raha. Unatia maji ya uvuguvugu kwanza, unga unafuata, unakoroga, na mabonge yanapotea upesi. Harufu yake ni ya maziwa matamu, haina ukakasi. Ukiyaacha yakae, chini huwa na mashapo kidogo, kwa hiyo kabla ya kumpa mtoto koroga tena. Kikombe cha kupimia ndicho kinachoniudhi: unga ukishindiliwa ndani yake unakuwa mwingi, ukimiminwa tu unakuwa mchache, na mistari yake ilianza kufutika mapema. Nilitumia mizani ya gramu tangu siku za mwanzo. Kipimo chao ni gramu 125 kwa lita ya maji, nami nilikishika hivyo hivyo. Kuna watu wema watakaokuambia ongeza unga umtie nguvu mtoto. Wasikilize kwa heshima na usifanye. Maziwa mazito kupita kiasi humharisha, au humkausha mwili kwa chumvi nyingi. Na maji safi ya kunywa yawepo pembeni saa zote, hata kama mtoto anaishi kwa maziwa.

Wingi nao una hesabu yake. Siku ya kwanza mtoto hupewa kama asilimia 10 ya uzito wake, kisha unapanda taratibu hadi asilimia 20 au 25 ndani ya siku kama 10. Mtoto wa kilo 50 ataanzia lita 5 na kufika lita 10 au 12 kwa siku. Maana yake mfuko wa kilo 10 utaisha kwa siku kama 8 akishachangamka. Agiza wa pili kabla wa kwanza haujafika nusu, kwa sababu kubadilisha aina ya unga ghafla hulivuruga tumbo.

Jedwali la mfuko linasema milo 4 kwa siku. Hapa sikubaliani kabisa. Mtoto aliye na mama yake, katika wiki ya kwanza, hunyonya mara kadhaa kila saa, mafunda machache, anaacha, analala, anarudi. Tumbo lake limeumbwa kwa mwendo huo. Ukimjaza lita 3 kwa mkupuo, maziwa yanachacha ndani, tumbo linavimba, na wewe utadhani ni unga mbaya. Sisi tulimpa kila baada ya saa 2, usiku na mchana, tukapishana zamu. Ni kazi ya kuchosha mno, na ndiyo iliyonifanya niitazame ile chupa vizuri na kuiacha.

Chupa si haramu. Kwa siku ya kwanza, mtoto akiwa dhaifu bado, inasaidia kujua kama anaweza kunyonya na kumeza. Lakini iangalie chuchu yake: ukiipindua chupa, maziwa yadondoke tone kwa tone. Hii ya kwenye boksi ilimwaga mchirizi. Mtoto asimame mwenyewe, na pua ibaki chini ya usawa wa macho, kama anavyoingiza kichwa chini ya kiwele. Ile picha ya kichwa kilichoinuliwa ndiyo njia ya kupeleka maziwa kwenye mapafu, na nimonia ya maziwa si kitu cha kuchezea. Ukiona maziwa yanatoka puani, simamisha kila kitu na umwite daktari.

Ndoo ndiyo niliyoiamini. Kumfundisha kuliniomba subira tu. Unasubiri awe na njaa, unachovya kidole kwenye maziwa ya uvuguvugu, unampa anyonye. Ulimi wa mtoto wa farasi una nguvu ajabu, unakikunja kidole na kukivuta juu kwenye kaakaa. Akishashika mwendo, mkono wa pili unainua bakuli pana hadi mdomoni pake. Usimkandamize kichwa kukipeleka chini. Atapigana nawe na ataliogopa bakuli. Kidoti alipoingiza midomo mara ya kwanza alivuta maziwa puani kidogo, akapiga chafya, vinyweleo vya kidevuni vikajaa matone meupe, akasimama akijilamba kama anayefikiri. Kisha akarudi mwenyewe. Nikakichomoa kidole polepole, naye akaendelea kuvuta, kimkia kikipigapiga. Sijui furaha niifananishe na nini.

Baada ya hapo tulitundika ndoo ya rangi kali ukutani, usawa wa kifua chake. Akishazoea, maziwa yanaweza kuachwa yapoe. Yaliyopoa hayachachi upesi, na mtoto huyanywa kidogo kidogo kila anapotaka, jambo ambalo chupa haiwezi. Ndoo ioshwe kwa maji ya moto na kukaushwa kila unapobadilisha maziwa. Na umfute kidevu na koo, kwa sababu maziwa yakigandia pale manyoya hunyonyoka na ngozi huwa nyekundu.

Kuna sababu nyingine ya ndoo, na kwangu hii ndiyo kubwa. Chupa ina mkono nyuma yake, na mtoto anaujua mkono. Siku za mwanzo Kidoti alikuwa akinipiga mapaja kwa kichwa, vile watoto wanavyosukuma kiwele ili maziwa yashuke. Kwa mtoto wa kilo 50 watu hucheka na kupiga picha. Mnyama huyo huyo akiwa na kilo 400, bado anaamini binadamu ni mama wa kusukumwa na ni mwenzake wa kurushiana mateke, atamvunja mtu mbavu bila hata chembe ya ubaya moyoni. Watoto wa farasi waliolelewa kwa kukumbatiwa wengi wameishia kuogopwa, na kosa si lao. Ndoo ilipotundikwa, akaanza kuutazama ukuta akiwa na njaa, si mimi.

Tukamletea mwenzake, dume mzee aliyehasiwa, mpole lakini asiyeonewa. Kwanza walitazamana kupitia lango, kisha wakawa pamoja mchana. Alipomsogelea mara ya kwanza, Kidoti alinyoosha shingo na kuanza kufungua na kufunga mdomo, meno yakigongana kwa sauti ndogo. Ndivyo watoto wa farasi wanavyomwambia mkubwa kwamba wao ni wadogo, wasiumizwe. Hakuna chupa wala mikono yangu iliyoweza kumfundisha hilo. Alipomzidishia mzee utundu, alirudishwa kwa masikio yaliyolazwa nyuma, na mara moja kwa jino. Alielewa upesi kuliko kwa lolote nililowahi kumkataza. Pia alikula kinyesi kibichi cha yule mzee. Usimzuie, ndivyo mtoto anavyopata vijidudu vyema vya tumboni, ilimradi mkubwa ana afya na amepewa dawa za minyoo.

Kuharisha kidogo kulitokea, kama kunavyowatokea hata walio na mama zao katika wiki ya pili. Tulipima joto la mwili (la kawaida ni kati ya nyuzi 37.2 na 38.9), daktari akaja, hamu ya kula haikupungua, kukapita. Sioni haki ya kuulaumu unga kwa hilo.

Vidonge vya maziwa vya mtengenezaji huyo huyo navyo ni vizuri. Tulianza kumtilia vichache mdomoni mapema, akaja kuvitafuta mwenyewe, na maziwa ya ndoo yakapunguzwa hadi kusimamishwa alipokuwa na miezi kama 3, akiwa tayari anakula chakula kikavu na nyasi vya kutosha.

Ninachotaka mnunuzi ajue kabla ya kulipa: kama kuna jike aliyefiwa na mtoto wake na yuko tayari kumpokea wa mwenzake, hakuna mfuko unaomshinda. Hata jike asiyezaa mwaka huo, daktari mzoefu anaweza kumwanzishia maziwa kwa homoni na dawa ndani ya wiki moja au mbili. Unga huu ukushikilie wakati unatafuta, na ukikosa, ukufikishe mwisho. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kuwa bidhaa hii haitoki haraka madukani, na uuhamishie unga kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, kwani mfuko wao haujifungi tena ukishakatwa na unga hunywa unyevu.

Kuhusu milo 4 niliwaandikia watengenezaji. Walijibu kwa adabu, na haraka, kwamba ratiba hiyo wameikusudia watoto waliokwisha kuvuka wiki za mwanzo. Basi na waandike hivyo hivyo mfukoni, pale pale kwenye jedwali, kabla mtu hajammiminia mtoto wa siku 2 lita 3 kwa mkupuo.